Tupeane uzoefu: chombo gani cha viungo kilikupa kisa usichokisahau?

Bint Ngamiani: Jamani asubuhi hii jirani anatwanga bizari, ule mdundo umenirudisha kwa mama. Alikuwa na kinu kidogo cha viungo vikavu tu, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, basi. Siku nilipopondea dagaa humo alikaa siku mbili hasemi na mimi. Nyie je?

Mama Pacha wa Dunda: Mi blenda. Mwezi wa Ramadhani wakwe wote wapo, rojo halijalainika nikalimimina kwenye blenda linachemka vilevile, jagi limejaa mpaka juu, nikabana mfuniko nikawasha. Mvuke ukaufyatua, rojo dari, rojo ukutani, rojo shingoni kwangu, kovu ninalo mpaka leo chini ya sikio. Wakwe wakafuturu tambi na maharage. Acheni kipoe kwanza na msipitishe nusu jagi. Na jagi lenyewe limebaki njano.

Msomali Mrefu: Pole dada. Lianike juani siku mbili tatu, manjano yanafifia na jua.

Mpishi wa Raskazone: Ndo maana mi blenda kwenye viungo hapana. Iliki ya kule Amani, milima ya Usambara, uisage na mashine? Harufu yote inaishia hewani.

Chumbageni Original: We unapika kwa watu wangapi? Pilau la watu mia mbili utatwanga?

Mpishi wa Raskazone: Bibi zetu walitwanga.

Chumbageni Original: Walikuwa kumi uani kaka, we uko na nani.

Mjukuu wa Pangani: Samahanini niwakate. Bibi yetu macho yalishafifia, kutwa yuko kwenye mkeka uani. Kinu chake alirithi kwa mama yake, mdomo umelika upande mmoja, ndani cheusi kwa mafuta ya karafuu. Jirani akakiazima, kwao kuna arobaini. Siku ya tano kikarudi. Dada akaanza kutwanga, mapigo matatu tu bibi akasema, "Simama. Hicho si kinu changu." Tukambishia, bibi kimeoshwa tu hicho. Akasema leteni. Akapapasa mdomo kwa kidole, akanusa, akakisukuma pembeni, akalia jamani, mtu mzima yule. Dada akaenda kwa jirani, ikatoka kweli: vijana walivunjia barafu humo kikapasuka, wakaenda soko la Mgandini wakanunua kinachofanana wakakipaka mafuta. Mchi tu ndo ulikuwa wake. Mpaka anafariki tulitwangia humo, ila hakukiita kinu hata siku moja, alisema "leteni hicho chao".

Mama Pacha wa Dunda: Barafu? Kwenye kinu cha karafuu??

Chumbageni Original: Machozi yamenitoka. Azimeni sinia, azimeni kawa, vinu haviazimwi.

Msomali Mrefu: Hapo sikubali. Shughuli ikifika mtaani watu wapikie nini? Kosa ni kuficha, wangesema tu.

Mjukuu wa Pangani: Bibi alishawasamehe. Mi bado.

Bint Ngamiani: Na harufu ya dagaa mlikuwa mnaitoaje?

Mpishi wa Raskazone: Twanga mchele mkavu na chumvi, mwaga, rudia.

Mama Pacha wa Dunda: Kwetu ndimu na majivu, halafu jua. Mchele ni chakula.

Bint Ngamiani: Wa Pangani, mchi uko wapi sasa?

Mjukuu wa Pangani: Uko kwangu, naupaka mafuta ya nazi. Kinu nimeagiza kwa fundi, kikija ntawaambia mdundo wake.