Mnunuzi wetu kasema dalali kapata "just deserts". Nimjibuje?

Habari za jioni wakuu.

Niko Tukuyu, ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi. Kuna dalali alikuwa anatupimia mzigo kwa mzani wake wa kuning'iniza, na kreti zile zile zikifika ghalani zinaonekana zimenenepa njiani. Juzi mama mmoja mtata, Mungu ampe maisha marefu, akatundika dumu la maji la lita 20. Mzani ukasoma kilo 17. Kuufungua, springi imefungwa waya. Watu wa vipimo wamechukua mzani, jamaa yuko polisi.

Nikamweleza mnunuzi wetu wa Uingereza. Kajibu: "So he finally got his just deserts. A well-earned comeuppance!" Mhasibu wetu anasema hilo ni jangwa, yaani jamaa kabaki mikono mitupu. Kijana wangu wa kidato cha pili anasema ni vile vitamu vya baada ya chakula, mzungu kakosea herufi. Kamusi ya simu inaniambia "adhabu", basi.

Naomba ushauri: maana yake hasa ni nini, na naweza kuyatumia kwenye barua ya kikundi ambayo nakala yake inaenda kwa afisa ushirika?

Mwalimu wa Zamu
Mzungu hajakosea, na hapo hakuna jangwa wala keki. "Desert" hiyo ni ndugu yake "deserve", kustahili. Ilitoka Kifaransa cha kale, ikimaanisha kile mtu anachostahili. Mkazo uko silabi ya pili, kwa hiyo inasikika sawasawa na ile ya vitamu, ndiyo maana hata Waingereza wengi huongeza S katikati. Ya jangwa mkazo uko mwanzoni. Na "just" hapo si "tu", ni "ya haki".

Zamani stahiki hiyo iliweza kuwa njema au mbaya. Siku hizi ukisikia "just deserts" ujue karibu kila mara kuna mtu kaumia. Iache kwenye wingi, na kitenzi chake ni "get".

"Comeuppance" ni ya Marekani, ya karne ya 19, na ni lugha ya mazungumzo. Inamfaa mtu aliyekuwa anadhulumu huku anatamba, kisha yakamkuta. Haihitaji hakimu. Tapeli gari likimfia Kitonga usiku na kila anayempungia mkono anampita, hiyo tayari ni "comeuppance".

Mnyalu wa Mafinga
Kamwene! Mwalimu unazunguka sana. Si useme tu za mwizi arobaini?

Mwalimu wa Zamu
Kamwene. Hapana, arobaini ni siku ya kukamatwa. Haya ni yale yanayofuata: kukiona cha mtema kuni.

Wakili Mtaani
Maana mmeshapewa, mimi nazungumzia barua. Usiyaweke hayo maneno, mkuu. Yote mawili yanasema mambo mawili kwa mpigo: kwamba jamaa ana hatia, na kwamba umefurahi. Mahakama haijasema la kwanza, na la pili afisa ushirika halimhusu. Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Akiachiwa huru, barua yenye muhuri wa kikundi ataibeba kwenda kudai kashfa. Andika kilichotokea: dumu, kilo zilizosomwa, waya, tarehe, nani alishuhudia. Akitiwa hatiani ndipo utumie "sentence" au "fine", hayo ndiyo maneno ya mahakama. Mnunuzi yeye anaongea na rafiki yake, hana shida.

Mnyalu wa Mafinga
Wakili kwa hiyo tusifurahi?

Wakili Mtaani
Furahini, ila msiweke muhuri.

Mama Ndizi Kiwira
Ninyi mnabishana herufi, hela zetu je? Na sisi alitupimia msimu mzima. Katibu, stakabadhi alizotuandikia zikusanywe kabla watu hawajawashia moto jikoni. Na huko polisi mpeleke orodha ya wote waliopimiwa, msipeleke dumu moja mkarudi.

Mleta uzi
Ndaga sana wote. Mama Ndizi, stakabadhi naanza kuzipokea kesho palepale ghalani, waambie na wenzako. Kwenye barua nimeandika: "The scale has been seized and the matter is with the police." Mzungu nimemjibu pembeni: "Not yet, but he will."

Wakili Mtaani
Safi. Hiyo ya pembeni afisa ushirika asipate nakala.