Naomba ushauri: kolamu ya C18 niliyopakia inaishia sahani 8,000

Wakuu, habari za kazi. Kolamu ni ya HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa kimiminika chenye shinikizo), milimita 150 kwa 4.6, silika ya C18 (iliyovishwa minyororo ya kaboni 18) ya mikromita 5. Kwa chembe hizo nategemea sahani za kinadharia (kipimo cha ubora wa utenganishaji) 12,000 kwenda juu. Tolueni ya kupimia inanipa 8,000 tu (asetonitrili 60, maji 40, mililita 1 kwa dakika).

Kinachonisumbua zaidi ni mkia, yaani kilele kwenye chati kuburuta upande wa nyuma. Hata urasili, ambayo haishikwi na kolamu, inatoka na mkia wa 1.6 (1.0 ni bila mkia), kwa hiyo silanoli (vikundi vya OH kwenye silika vinavyoshika sampuli) siishuku. Kolamu ya dukani kwenye mashine hiyohiyo inatoa vilele safi, basi mirija na detekta haviko kwenye lawama. Unabaki upakiaji.

Nachanganya gramu 1.8 za silika na mililita 18 za isopropanoli kupata tope, dakika 10 kwenye bafu la ultrasoniki, kisha nalisukuma ndani ya kolamu kwa methanoli, baa 400. Pampu ikizimwa, shinikizo linashuka lenyewe ndipo nafungua. Baada ya kuitumia kidogo, silika pale mdomoni imezama karibu nusu milimita.

Je, nipande hadi baa 600, au niongeze uzito wa tope kwanza? Na kimiminika gani kinatawanya C18 bila chembe kushikana? Aliyepakia silika ya aina hii anisaidie vipimo, tafadhali.