Kashata zangu zililiwa mchana kweupe Horombo. Huyu ni panya gani?

MamaVisheti

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mkazi wa Tabata Kimanga, napika kashata na visheti na kusambaza kwenye maduka ya Buguruni na Kariakoo. Mwishoni mwa Januari kikundi chetu cha vikoba kilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Tulijichanga mwaka mzima. Kileleni sikufika, nisiwadanganye. Nilipofika Horombo, mita 3,720, kichwa kiliniuma na chakula kikanikataa. Kiongozi akaniambia, "Mama, wewe baki hapa upumzike, wenzako watakukuta." Wakaondoka kwenda Kibo, nikaachwa na kijana mmoja wa kuniangalia.

Basi nikawa na siku nzima ya kukaa mlangoni kwa kibanda, nimejifunga khanga mbili juu ya koti. Jua lilipochomoza vizuri, kama saa tatu hivi, nikaona majani yanatikisika. Akatoka panya. Nikajua ni mmoja tu, kumbe ndani ya robo saa nimeshahesabu saba. Si panya kama wa dari zetu. Huyu ni mdogo, mwili wake hata kiganja changu haujazi, rangi ya hudhurungi, na mgongoni ana mistari minne myeusi iliyonyooka kuanzia shingoni hadi mkiani, utadhani mtu ameichora kwa wanja. Anakaa kitako, anashika punje kwa mikono miwili, anatafuna haraka haraka. Kivuli cha kunguru kikipita, wote wanaganda kama mawe. Kunguru akienda zake, wanaendelea. Na wana njia zao kwenye majani, nyembamba kama za siafu ila zimesafishwa vizuri, wote wanapita humo humo.

Nikawaona wazuri. Nikaingia ndani kuchukua simu niwapige picha, nikakuta begi langu lina tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili! Nilikuwa na kashata za nazi, za karanga na za ufuta. Za ufuta zimemalizwa kabisa. Za karanga zimemegwa pembeni. Za nazi hawajazigusa. Kashata zangu za nazi ndizo zinazoongoza kwa kununuliwa, kwa hiyo sikujua nikasirike kwa kuibiwa au kwa kudharauliwa.

Swali langu: huyu ni panya gani, mbona anatembea mchana? Na baridi ile ya usiku, mimi na blanketi na mfuko wa kulalia nilitetemeka, yeye anaishije? Halafu usiku wa kwanza pale Mandara kuna kitu kililia msituni. Kilianza kama mlango wa mbao unaofunguliwa polepole, kikapanda, kikapanda, mwisho kikapiga ukelele kama mtu anayekabwa. Binti yangu wa darasa la tano anasema ni kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuuma. Nisaidieni nimjibu.

Kijiwe_Buguruni

Mama, hao saba ni wateja wa jumla. Rudi na mzigo wa ufuta tu 😂

MgumuMstaafu

Shikamoo mama. Mimi nilikuwa mgumu (wapagazi tunaitana hivyo) njia hiyo hiyo ya Marangu kwa miaka tisa kabla magoti hayajagoma. Sasa nina bajaji yangu Kimara. Umenikumbusha mbali.

Mwambie binti kwamba Mandara mama yake alikuwa mzima kabisa. Ile sauti ni perere. Safari yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, tumelala, kile kitu kikaanza. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Nikaamka, nikasogea katikati ya wenzangu kimya kimya bila kumwamsha mtu. Asubuhi mpishi wetu, mzee mmoja wa maneno machache, akanisukumia kikombe cha chai akaniuliza, "Jana usiku ulihamia kwa nani?" Kambi nzima ikacheka hadi nikatamani kushuka.

Perere ni ndugu yake pimbi, ila pimbi anakaa kwenye mawe na kuota jua mchana, kama wale wa Kisiwa cha Saanane pale Mwanza. Perere anakaa juu ya miti na anatoka usiku. Ni mnene kiasi cha sungura wa kufugwa, hana mkia wa kuonekana, na mgongoni ana baka la manyoya ya rangi ya kupauka. Kwa mwili ule, hutaamini sauti ni yake. Mimi miaka tisa nimemsikia nisivyoweza kuhesabu, kwa macho nimemwona mara mbili tu. Utajua mti wake kwa rundo la kinyesi chini ya shina, maana ana tabia ya kwenda haja mahali pale pale. Watu wa huku chini wamemwinda sana kwa nyama na ngozi, ndiyo maana ukimsikia Mandara, kwenye msitu wa hifadhi, shukuru.

Sasa hao wenye mistari. Hao ni wenyeji wa Horombo kuliko sisi. Mgeni akila biskuti, wao wapo chini ya ngazi wanasubiri. Sisi mkate hauachwi sakafuni hata dakika moja, unaning'inizwa kwa kamba au unafungiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kijana aliyebaki na wewe alipaswa kukuambia. Na mgumu mzigo wake wa mteja mwisho ni kilo 20, kwa hiyo chakula kikiliwa na panya hakuna cha akiba mgongoni mwa mtu. Ila hatuwaui. Wala usiwape chakula kwa makusudi, wanazidi kujaa kwenye vibanda.

Mtega_Ndoo

Mama, umewaangalia vizuri kuliko wanafunzi wengi niliosoma nao. Mimi nilisomea wanyamapori, ingawa siku hizi nauza mabomba na matangi Ilala, maisha ndiyo hayo.

Huyo ni panya mwenye milia minne, kitaalamu anaitwa Rhabdomys. Panya wengi ni wa usiku, yeye ni wa mchana, na hilo ndilo jibu la nusu ya swali lako la baridi. Anafanya kazi jua likiwepo. Usiku anaingia kwenye kiota cha majani makavu ndani ya vishungi vya nyasi. Ukiingiza mkono katikati ya kishungi cha nyasi usiku wa barafu utasikia tofauti. Ni kama ile miti ya senesio uliyoiona njiani, ambayo majani yake yaliyokauka hayadondoki bali yanabaki yamelivisha shina kama koti.

Kitu kingine ni kwamba Kilimanjaro iko karibu na ikweta. Baridi ya pale inakuja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, mwaka mzima. Haikai miezi mfululizo kama milima ya Ulaya, ambako kuna mnyama anaitwa marmoti analala shimoni miezi sita na zaidi bila kula. Panya wako akifanya hivyo atakosa jua la saa tatu asubuhi na kashata zako. Kuhusu ufuta: chakula chake cha asili ni mbegu, majani, matunda madogo na wadudu. Umempelekea mbegu zilizoshikanishwa kwa sukari, nazi ataifanyia nini? Usikasirike.

Sasa mnyama ninayempenda mimi hukumwona, na karibu hakuna anayemwona. Mwaka 2002 watafiti, akiwemo William Stanley wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, walitega wanyama wadogo Kilimanjaro kutoka kama mita 2,000 hadi karibu mita 4,000. Walikuta aina nyingi zaidi zipo kwenye mita 3,000 hivi, pale msitu unapokutana na vichaka vya mlimani. Yaani kati ya Mandara na Horombo, mahali ambapo wengi wetu tunapita tunatazama viatu vyetu. Kwa viumbe vidogo kabisa mtego wa chambo hautoshi. Unafukia ndoo hadi mdomo wake uwe sawa na ardhi, unasimamisha ukuta mfupi wa plastiki juu yake, mnyama anafuata ukuta, anatumbukia. Jina langu la humu limetoka hapo, nimechimba mashimo ya ndoo hadi nikaota malengelenge.

Humo ndimo anamoingia kirukanjia wa Kilimanjaro, Myosorex zinki. (Hilo jina la kirukanjia mjini lina maana nyingine, Kijiwe usianze.) Hapatikani mlima mwingine wowote duniani. Ana pua ndefu, macho kama vichwa vya pini, na ingawa tunamwita panya, si panya. Anakula wadudu na minyoo, na mwili wake unachoma chakula haraka mno kiasi kwamba hawezi kukaa na njaa kwa saa nyingi. Wazee husema kirukanjia akivuka njia hufa. Kweli utamkuta amekufa njiani, mzima, hajaliwa. Mara nyingi ni paka au mnyama mwingine amemuua, kisha akamwacha kwa sababu ana tezi zenye harufu mbaya.

Na kwa binti: perere, pimbi na tembo ni ukoo mmoja wa kale, pamoja na nguva wa baharini. Akitaka kuwaona ndugu zao wengine bila kupanda mlima, msitu wa Pugu hapo nyuma ya uwanja wa ndege kuna sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Watu wanamwita panya. Huyo naye yuko karibu na tembo kuliko na panya yeyote wa Tabata.

MamaVisheti

Asanteni sana wanangu. Binti amesoma yote, sasa anadai tembo na perere ni binamu na anataka kwenda Pugu Jumamosi. Marahaba MgumuMstaafu, Mungu akupe magoti mapya.

Nina jambo dogo. Zile kashata za nazi zisizoguswa, na za karanga nilizokata pembeni, wenzangu waliporudi kutoka kileleni hoi niliwapa. Walisema hawajawahi kula kashata tamu vile. Sikuwaambia. Kuna tatizo?

BwanaAfya_Mstaafu

Mama, lipo. Chakula alichopita panya hakikatwi pembeni, kinatupwa chote. Panya anakojoa huku anakula, huoni wala hunusi. Mnakumbuka homa ya mgunda kule Ruangwa, Lindi, Julai 2022? Ile husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Na kwa wanaopenda kuokota panya waliokufa mlimani wapige picha, acheni. Lushoto ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na tauni hubebwa na viroboto wanaomhama panya akishakufa.

Sikutishi. Sina habari ya mtu aliyeugua kwa panya wa Horombo. Homa ya mgunda hujionyesha kati ya siku 2 na 30, na ninyi mmeshapita miezi miwili. Kama wote wazima, imekwisha. Safari nyingine beba kopo la bati lenye mfuniko.

Kijiwe_Buguruni

Mama na mimi nilinunua za karanga kwa Mangi wiki iliyopita. Naomba useme ukweli.

MamaVisheti

Hizo ni za jikoni kwangu, zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, kula kwa amani. Jumapili tuna kikao cha vikoba na ndiyo siku ya gawio. Nitawaambia baada ya gawio.