Mmetuuzia vifaa vya kuonyesha ndege zilizo karibu vyenye namba ile ile, nusura tugongane juu ya Pangani!

Wakuu, nimekaa siku mbili nikingoja hasira zishuke. Hazijashuka, naandika hivi hivi.

Mimi ni rubani wa ndege ndogo, si wa shirika. Tuna Cessna 172 ya viti vinne tuliyoichangia watu watatu, inalala hapa uwanja wa Tanga. Transponda yake, kile chombo kinachojibu rada, ni ya zamani, haitangazi ndege ilipo, ndiyo maana tukanunua kile kifaa cha ADS-B cha kubandika kiooni. Kinatangaza ulipo kwenye megahezi 1090, kinapokea matangazo ya wenzako na kukuonyesha kwenye kishkwambi. Fundi wa duka moja la Dar alikiseti mwenyewe, akatukabidhi: "Washa, ruka."

Jumamosi narudi kutoka Unguja na mdogo wangu. Futi 2,500, mdomo wa mto Pangani uko chini yetu, maji ya udongo yameingia baharini rangi ya chai ya maziwa. Kishkwambi kiko wazi, hakuna ndege hata moja. Mdogo wangu akanishika mkono: "Kaka, ile nini ile?" Ndege, uso kwa uso, kimo chetu kile kile. Nikalaza kulia, naye akalaza kulia kwake. Niliona mistari myekundu ubavuni mwake. Niliiona rangi, jamani!

Yule rubani, mtu mzima wa kumwamkia, alirudi Tanga jioni, nikamngoja. Shikamoo, marahaba, kisha kila mmoja akauliza: hukuniona? Naye kishkwambi chake hakikuonyesha kitu. Na kifaa chake kimetoka duka lile lile. Tukaviweka vyote viwili juu ya bawa la mkia, tukafungua seti penye anwani ya ndege, akawa anasoma herufi moja moja nami nafuatisha kwa kidole. Sita kwa sita, sawasawa. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Kwa msioelewa: kila ndege ina anwani yake ya biti 24, inaandikwa kwa tarakimu na herufi sita, inatolewa na mamlaka kwa ndege hiyo tu. Za ndege zetu za Tanzania, zile zenye usajili wa 5H, huanza na 08. Zile tulizokuta hazikuanza hata na 08! Fundi aliseti kimoja akanakili kwenye kingine. Sasa kifaa kikipokea tangazo lenye anwani yake chenyewe kinalitupa, kikidhani kinajisikia. Yaani mimi na mzee tulikuwa ndege mbili pekee katika anga lile ambazo haziwezi kuonana, na kila mmoja amelipia aonekane.

Kosa la kinyume nalo lipo. Transponda ikiwa na anwani moja na kifaa kikiwekewa nyingine, unafukuzwa na kivuli chako mwenyewe safari nzima. Matokeo yake rubani anazima sauti ya onyo. Ukikihamishia ndege nyingine, badilisha anwani kabla hujawasha injini.

Halafu pa kukiweka. Changu walikilaza juu ya dashibodi, karibu na dira. Antena inatakiwa isimame wima, ione anga, isijifiche nyuma ya nguzo ya bati wala mwili wa mtu. Na jua la Tanga lile juu ya dashibodi, betri itadumu vipi? Nimekihamishia kioo cha pembeni. Hata hivyo, ndege isiyotangaza hakitaionyesha, macho yabaki nje.

Nimewapigia dukani. Nimejibiwa, "Boss, hiyo ni seti tu, unabadilisha mwenyewe." Seti tu! Mdogo wangu ana watoto wawili. Nimewataka wampigie kila mteja waliyemuuzia, wakasema hawana orodha. Risiti mnatoa, orodha hamna?

Kwa hiyo naifanya mimi hapa. Uliyenunua kifaa kama hiki Dar, uwe Tanga, Bagamoyo, Unguja au popote, kifungue leo usiku, ulinganishe zile sita na zile ndege yako ilizopewa na mamlaka. Zikitofautiana usiruke nacho, andika hapa chini. Mpaka sasa tuko wawili, mimi na mzee.