Kishikwambi cha Bibi kimelala

UKOO WA BIBI CHUMBAGENI
Jumamosi

Dulla, 18:52
Asalaam aleikum wote. Kishikwambi cha Bibi kimekufa. Tangu asubuhi cheusi tii, unabonyeza wee, wapi

Mjomba Kassim, 18:55
Waaleikum salaam. Kifukieni kwenye mchele usiku kucha, kesho kitaamka

Mamdogo Rehema, 18:56
Mchele ni wa simu iliyotumbukia majini kaka, na hata hiyo sijaona iliyopona. Dulla kimeanguka? Kimelowa?

Dulla, 18:57
Hakijaanguka wala kulowa. Jana usiku Bibi kasikiliza mawaidha, akakifunga, akalala. Asubuhi ndo hivi. Fundi wa hapa mtaani anataka elfu 20 akiflashi

Mamdogo Rehema, 18:57
WEE DULLA!! Kuflashi ni kufuta kila kitu. Picha za marehemu Baba zote zimo humo

Mjomba Kassim, 18:59
Kwani hazijahifadhiwa kwenye imeili?

Mamdogo Rehema, 18:59
Na nani? Wewe? 😏

Dada Salma, 19:10
Shikamooni. Ndo natoka kazini. Dulla usikipeleke popote. Umekichaji kwa chaja gani?

Dulla, 19:11
Ya kitochi cha Bibi

Dada Salma, 19:12
Hiyo inatoa nusu ampea, pengine haifiki. Kishikwambi kinataka kama ampea 2. Betri ikiwa imekauka kabisa utangoja mpaka alfajiri. Chomeka chaja ya simu yako, kiache nusu saa. Na USIKIBONYEZEBONYEZE

Dulla, 19:46
Nusu saa imeisha. Bado cheusi

Dada Salma, 19:47
Nakipigia WhatsApp. Sikiliza

Dulla, 19:47
KINAITA!!! Kioo cheusi lakini kinaita. Bibi anasema usikate, anataka kupokea 😂

Dada Salma, 19:49
Basi hakijafa. Zima taa ya chumbani, mulika tochi kwenye kioo, iinamishe kwa ubavu. Kuna picha inaonekana kwa mbali?

Dulla, 19:51
Hamna. Giza tupu

Dada Salma, 19:52
Afadhali. Ingeonekana, taa ya ndani ya kioo ingekuwa imeungua, na hiyo ni hela. Sasa shika kitufe cha kuwashia PAMOJA na cha kupunguza sauti. Hesabu polepole mpaka 15, usiachie

Mjomba Kassim, 19:52
Ni cha kuongeza

Mamdogo Rehema, 19:53
Cha kupunguza kaka. Hiki changu cha Sensa 2022 tulichogawiwa walimu kikiganda nakiamsha hivyo hivyo

Dada Salma, 19:53
Cha kuongeza kinaweza kukutupa kwenye menyu ya mafundi, na mle kuna mstari wa kufuta kila kitu

Dulla, 19:54
😬 Nimeshamsikiliza Mjomba. Kimeleta maandishi ya Kiingereza mengi

Mamdogo Rehema, 19:54
Yarabi toba

Dada Salma, 19:55
Tulia. Penye neno Wipe usiguse kabisa. Mstari wa juu umeandikwa Reboot system now? Upo hapo? Bonyeza cha kuwashia mara moja

Dulla, 19:58
Kinawaka... picha ya Bibi na Babu hiyooo 🎉

Dulla, 19:58
Kimezima tena 😭

Dada Salma, 19:59
Nakipigia

Dulla, 19:59
Kinaita

Dada Salma, 20:00
Hakijazima, kimelala. Kuna kitu kinakilaza. Ulisema Bibi alikifunga. Alikifunga na nini?

Dulla, 20:00
Kava. Jipya, kalivalisha jana hiyo hiyo. Hapa nimelikunja kwa nyuma nikishike vizuri

Dada Salma, 20:01
Livue lote. Haya bonyeza

Dulla, 20:02
KIMEAMKA 😳😳 Nikilirudisha kinalala, nikilivua kinaamka. Uchawi huu

Dada Salma, 20:04
Sumaku hiyo. Kava za kufunika zina sumaku, na ndani ya kishikwambi kuna kitu kinachoihisi. Sumaku ikisogea pale, chenyewe kinajua kimefunikwa, kinalala. Hapo utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Hilo kava si la saizi yake, ukilikunja nyuma sumaku inaangukia pale pale

Mamdogo Rehema, 20:05
Kava kanunua nani?

Dulla, 20:05
🤐

Mamdogo Rehema, 20:06
Kassim?

Mjomba Kassim, 20:09
Kariakoo waliniambia linaingia kila aina

Dulla, 20:10
Bibi anasema msimseme mwanawe, kava zuri, atatilia kadi yake ya kliniki

Dada Salma, 20:11
😂 Sawa Bibi. Dulla, usiku huu huu picha za Babu zipandishe kwenye akaunti ya Google ya Bibi. Bando lipo?

Dulla, 20:11
MB 140

Mjomba Kassim, 20:15
Nimemtumia GB 5. Hayo ya kava yaishe