Prado 95 kwenye njia za mawe Lushoto: niweke tairi za inchi 33?

Kijana_wa_Tanga: Wakuu, klabu yetu itapita njia za zamani za magogo msitu wa Magamba wiki mbili zijazo: mawe, mizizi, makorongo. Nina Prado 95, tairi 265/70R16. Nihamie 285/75R16 (ndizo za inchi 33)? Naogopa kuwa wa kwanza kukwama.

Springi_Kavu: Zinainua difu (kibuyu cha gia katikati ya ekseli) kama sentimita 3 tu, na ukikata kona zinakwangua fenda. Baki na zako, shusha upepo kutoka psi 32 hadi 20. Ukipita chini ya 15, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba kompresa.

Bi_Mkongwe: Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) mnacho? Mkitumia winchi, mti uvalishwe mkanda mpana. Waya mtupu huchuna gome, na mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Springi_Kavu: Mkuu, ukiwa lami taa ya difloki (kufuli la difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma) inazima?

Kijana_wa_Tanga: Haizimi. Propela ya mbele (mhimili unaopeleka nguvu tairi za mbele) nilitoa, gari lilikula mafuta mno. Mjini inatembea vizuri tu, na tairi nimeshalipia nusu.

Springi_Kavu: Hilo ndilo lilitakiwa kuja kwanza! Ukifika kwenye ngazi ya jiwe, tairi za mbele zitakuwa mzigo wa kusukumwa, za nyuma zitachimba shimo. Kushuka ni hatari zaidi: breki ya injini itashika nyuma peke yake, ambako uzito umeshakimbia, mkia utateleza.

Msema_Kweli: Hii chai, wakuu. Prado 95 ni fulutaimu, tairi zote nne huvuta muda wote. Toa propela ya mbele, nguvu yote inamwagikia upande usio na mzigo, gari haliondoki.

Kijana_wa_Tanga: Si chai, mkuu. Leva ya 4x4 iko HL tangu siku hiyo.

Msema_Kweli: Basi nimekuelewa, HL imefunga difu ya kati. Lakini umebaki na gari la kusukuma nyuma tu.

Kijana_wa_Tanga: Nikienda taratibu je? Propela ipo stoo, bolti ndizo zimepotea.

Springi_Kavu: Hapana. Chomoa bolti moja ya propela ya nyuma, ipeleke dukani, uhakikishe uzi na namba ya ugumu iliyo kichwani vinalingana. Propela ipige grisi kabla ya kufunga, halafu jaribu LL (gia nzito, difu ya kati ikiwa imefungwa) kwenye changarawe, si lami. Na duka la tairi waombe wakubadilishie hiyo nusu iwe 265/70R16 za MT (kashata kubwa za matope).

Kijana_wa_Tanga: Kesho asubuhi naanza na bolti. Za tairi wacha niwapigie sasa hivi.