Mkonga HZJ75: friwili ya kushoto haishiki. Ninunue nyingine au niweke flanji?

Dereva wa Selela

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nina Land Cruiser mkonga (yenye bomba la hewa lililopandishwa juu), HZJ75, injini 1HZ, ekseli nzima mbele na nyuma. Kazi yake ni kubeba vyakula, maji na mafuta kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Engare Sero, na msimu ukichanganya nabeba wageni wanaokwenda kupanda Oldoinyo Lengai. Anayeijua ile njia anajua: kiangazi vumbi la majivu linaingia hadi kwenye soksi, masika makorongo yanajaa hata kama kwako hakujanyesha.

Four yangu (gia ya kuvuta kwa tairi zote nne) imekuwa ya jina tu. Juzi nimeingia korongoni, nimeshuka nikafunga friwili zote mbili (vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele vinavyoziunganisha na shafti), nikaweka low, gia nzito ya four. Tairi za nyuma zinachimba, za mbele zimetulia kama hazihusiki. Utingo akainama kuangalia, akasema propela ya mbele inazunguka. Kwa hiyo nikajua kesi ya gia, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, haina tatizo; nguvu inafika hadi kwenye difu ya mbele (gia zinazoigawa kwa tairi mbili) halafu inapotelea huko. Trekta la wakulima wa vitunguu ndilo lililotutoa, na bei ya trekta ukiwa umekwama huwa haina majadiliano.

Nimeinua mbele na jeki. Kulia, nikiweka LOCK na kuzungusha tairi kwa mkono, shafti inafuata. Kushoto kidude cha friwili kinazunguka vizuri kutoka FREE kwenda LOCK, lakini tairi inajizungukia yenyewe na kwa ndani nasikia mkwaruzo mdogo. Nikafungua kifuniko cha juu, zile bolti sita za 10. Sikukuta grisi. Kuna uji mweusi mwepesi, unanuka oili ya difu.

Ya kulia ni AISIN, ile ya asili, ipo tangu gari liingie nchini. Ya kushoto ni kopi, ilifungwa na mwenye gari kabla yangu.

Sasa ushauri ninaopewa huku: fundi wa kwanza anasema nitupe friwili zote, niweke flanji za moja kwa moja, zinazoshika tairi na shafti muda wote. Wa pili anataka kuichomelea hii ya kushoto iwe LOCK maisha yake yote. Wa tatu anasema ninunue kopi nyingine, ni nusu saa tu. Huyo wa tatu nimemuuliza nati za beringi anafungua na nini, akanionyesha patasi.

Wenye uzoefu naombeni mawazo. Gari ndiyo shamba langu.

Troopy ya Kaskazini

Salaam kutoka Isiolo. Mimi naendesha troopy (Land Cruiser ndefu) ya kazi, Marsabit hadi Loiyangalani, mawe tupu. Nilitoa friwili kitambo nikaweka flanji na sijawahi kuzikumbuka. Hakuna kushuka kwa matope usiku ukitafuta kile kidude kwa tochi. Unavuta gia ya four, gari inaenda, basi.

Hasara zipo, sitadanganya. Propela na difu ya mbele zinazunguka saa zote, kwa hivyo diseli inapanda kidogo, na kama sivi joint (maungio ya shafti yanayokunja kwenye kona) zimechoka utasikia mtetemo kwa usukani. Kwangu hiyo si kitu kwa sababu lami naiona mara chache.

Hiyo ya kuchomelea kataa kabisa. Siku beringi italia utaifungua na nini, grainda?

Fundi wa Unga Limited

Kijana wa Selela, umefanya kazi nzuri kuinua gari na kupima pande zote mbili kabla ya kununua chochote. Wengi wanaoniletea magari hapa Arusha wanakuja na friwili mpya mfukoni na hawajui hata upande gani umekufa.

Kwanza tuelewane kwa nini upande mmoja umeua pande zote. Difu yako ya mbele haina loki. Nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo. Shafti ya kushoto haijashikwa na tairi, kwa hiyo inazunguka bure ndani ya ekseli, na AISIN yako ya kulia inakaa imefunga vizuri na haipati kitu. Friwili moja nzima na moja mbovu ni sawa na kutokuwa nazo zote.

Lakini friwili si ugonjwa wako mkubwa. Ugonjwa wako ni huo uji mweusi. Ndani ya lile tufe la mwisho wa ekseli, pale tairi inapokatia kona, kuna sivi joint inayotakiwa kukaa kwenye grisi. Oili ya difu inazuiwa isifike hapo na sili ndogo ya shafti. Sili ikichoka, oili inavuka, inayeyusha grisi, halafu mchanganyiko unapenya katikati ya spindo (bomba linalobeba beringi za tairi) hadi kwenye habu, kitovu cha tairi. Ukinusa oili ya difu ndani ya friwili ujue umeshavuka milango yote. Beringi zako za kushoto sasa hivi zinaoga kwenye huo uji badala ya kukaa kwenye grisi. Funga friwili mpya juu ya hapo, hata ya dhahabu, na utakuwa umenunua kifuniko cha sufuria inayovuja chini.

Kwa hiyo kazi yako ni hii: upande wa kushoto unashuka wote. Friwili, habu, spindo, shafti inatoka, sili inabadilishwa, tufe linasafishwa na mafuta ya taa hadi ling'ae, grisi mpya. Oili ya difu nayo ipime, lazima imepungua.

Sasa kuhusu friwili yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoharibu.

Ukishatoa kifuniko utaona snepu ringi, pete ya chuma, kwenye ncha ya shafti. Itoe kwa koleo lake, siyo kwa bisibisi mbili na matusi. Kisha kuna nati sita zinazoshika mwili wa friwili kwenye habu, na chini ya kila nati kuna koni ndogo yenye mpasuko. Hizo koni ndizo zinazowashinda watu. Nati zinatoka, koni zinagoma, fundi anachukua patasi anaigongomea kwenye mpasuko, anakata uso wa friwili, na kesho maji yanaingia hapo. Usifanye hivyo. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya stadi ili kulinda nyuzi, chukua kipande cha shaba, kiweke kwenye ncha ya stadi, piga pigo moja la haki. Koni inaruka yenyewe. Ikigoma, gonga ubavuni mwa friwili karibu na stadi huku ukizunguka. Stadi yoyote iliyolegea au yenye nyuzi zilizoliwa, badilisha sasa hivi. Stadi zikianza kucheza, mzigo wote wa four unahamia kwenye zilizobaki na zinakatika moja baada ya nyingine.

Nati za beringi ni milimita 54. Soketi ya 54 inauzwa na si ghali kuliko beringi. Patasi inaacha chuma kidogokidogo kila inapopiga, na kile chuma kinaanguka wapi? Ndani ya beringi uliyoitia grisi sasa hivi. Nati ya ndani kaza hadi karibu Nm 60 (kipimo cha nguvu ya kukaza) huku habu inazungushwa huku na huku ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo tu. Weka washa ya kufungia, nati ya nje, kaza, halafu tingisha tairi kwa juu na chini. Isicheze, na iendelee kuzunguka bila kung'ang'ania. Ukiridhika kunja jino moja la washa kwenda ndani na jingine kwenda nje. Nati sita za friwili ni Nm 31, bolti za kifuniko ni Nm 10 tu, ni ndogo zile na zinakatika kwa mikono ya wanaume wanaojisikia.

Kurudisha snepu ringi shafti itakuwa imezama ndani. Kwenye ncha yake kuna tundu lenye nyuzi. Ingiza bolti ya M8, vuta shafti kuja kwako, mfereji utaonekana, ringi inakaa. Nimewaona watu wanahangaika nusu siku na bolti ipo mfukoni.

Na grisi: ndani ya friwili paka nyembamba tu. Ukiijaza, springi inashindwa kusukuma meno yaingiane, hasa asubuhi za baridi kule Ngorongoro. Beringi ndizo za kushibisha.

Flanji au friwili? Ndugu yangu wa Isiolo yuko sahihi kwa njia zake. Wewe unatoka Mto wa Mbu kuja Arusha kuchukua mzigo, yote hiyo ni lami. Friwili zitakulipa. Na kuna jambo jingine: siku difu ya mbele au shafti ikivunjika huko Engare Sero, mwenye friwili anaweka FREE pande zote anarudi nyumbani na tairi za nyuma. Mwenye flanji anaanza kufungua gari chini ya mgunga.

Mpenda Spea

Naongezea kwa mkuu hapo juu. Ukija Dar, pale Gerezani utapata AISIN mpya na za mtumba zilizotoka kwenye gari zilizokatwa. Mimi kati ya kopi mpya na AISIN ya mtumba nachukua mtumba bila kufikiri mara mbili. Jina limeandikwa juu ya kidude lakini jina hata kopi wanaandika, kwa hiyo fanya hivi: mwambie muuzaji aifungue. Zungusha kidude ukiangalia kwa ndani, ile klachi (ringi yenye meno inayosogea kufunga) itembee yote hadi mwisho na irudi, isibaki katikati. Angalia meno, yawe na kona kali. Yakiwa ya duara kama yamelambwa, rudisha. Na hesabu meno ya ndani ya shafti kabla hujalipa, nenda na ile yako ya zamani mkononi, kwa sababu za Hilux zinafanana kwa sura na muuzaji atakuapia kwamba zinaingia.

Hakikisha pia unapewa koni sita, gasketi na snepu ringi. Ukiambiwa "utatumia zile zako", punguza bei ya koni hapohapo kwenye malipo.

Dereva wa Selela

Shikamoo mzee wa Unga Limited, na asanteni wote.

Nimeshusha kushoto kwa maelekezo yako. Soketi ya 54 nimeazima kwa jamaa wa kampuni ya watalii, sharti lake niirudishe isiwe na alama. Nati ya nje ilikuwa imeliwa na patasi za miaka yote, pembe zake hazina umbo. Nimenunua mpya mbili pamoja na washa.

Kopi nimeifungua. Klachi ilikuwa imekwama nusu, springi imekatika vipande viwili, na ndiyo maana kidude kilikuwa kinazunguka kwa raha, hakikuwa kinasukuma chochote. Sili ya shafti ilikuwa ngumu kama plastiki, mdomo wake umepasuka. Beringi ya nje ina madoa ya bluu, ya ndani nzima, nabadilisha zote.

Nimepata AISIN ya mtumba, klachi inatembea vizuri. Swali mbili. Ya kulia nayo niifungue ingawa inafanya kazi? Na je, nikitembea lami nimesahau friwili ziko LOCK, naharibu?

Fundi wa Unga Limited

Marahaba.

Ya kulia toa kifuniko tu, ingiza kidole, nusa. Ikiwa ni grisi safi, funga na uiache. Ikiwa ina uji, unajua cha kufanya.

LOCK kwenye lami haiharibu kitu ikiwa gia ya four iko nje. Vyuma vya mbele vinazunguka tu, mbele haivutwi. Tena ninawaambia wateja wangu kila mwezi wafunge friwili watembee kilomita kadhaa, ili oili na grisi zifike juu zilainishe kila kitu. Kinachoua ni four yenyewe kwenye lami kavu. Mbele na nyuma zimefungwa pamoja, kwenye kona tairi za mbele zinahitaji kwenda mbali zaidi, haziwezi, basi vyuma vinajisokota hadi kimoja kiachie.

Nina swali moja kwako kabla hujarudisha hiyo ekseli. Kipumulio cha difu ya mbele umekiangalia? Ni kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Difu ikipata moto hewa inatanuka, inatokea pale. Kikiziba, presha inatafuta njia kwenye sili. Halafu ukiingia na difu ya moto kwenye maji ya korongo, inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili hizohizo.

Dereva wa Selela

Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Kimeziba kabisa, matope yamekauka juu yake hadi nilidhani ni sehemu ya chuma. Nimekitoa, hata kupuliza kwa mdomo hakipitishi.

Fundi wa Unga Limited

Hicho tupa. Weka nipo (kichuchu cha kuunganishia mpira) na mpira wa diseli, upandishe kwa kamba za plastiki hadi juu kwenye injini, usawa wa mkonga ukiweza, na ncha uielekeze chini. Cha nyuma nacho fanya hivyohivyo siku hiyohiyo, maana kimepita korongo lilelile. Ukimaliza pima oili ya difu zote mbili: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia, mwaga yote ujaze mpya kabla hujabeba mzigo.